Tarakilishi ya mwalimu wa kijijini italindwa na nani?

Msafiri atokaye mjini Kitui akaelekea mashariki hadi Zombe wakati wa kiangazi huvuka mito isiyokuwa na maji ya kuonekana kwa macho. Maji yamo chini ya mchanga. Wenyeji huchimba visima katika mchanga huo, kisha huvizungushia matawi ya miiba ili mbuzi na punda wasiyachafue maji. Hakuna jirani anayeichukulia miiba hiyo kuwa dharau. Kila mmoja anafahamu kwamba kisima kikichafuliwa na mnyama mmoja, watakaougua ni wengi.

Nimeukumbuka ua huo kwa sababu katika nyumba za walimu wetu kuna kisima kingine ambacho mara nyingi hakina ua wowote. Nacho ni tarakilishi.

Zamani mwalimu alirejea nyumbani na madaftari ya kusahihisha kwapani. Leo aghalabu hurejea na alama za darasa zima katika tarakilishi ndogo ya mkobani, ama katika flashi iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, humtaka ajaze fomu za kutathmini utendakazi wake kwa njia ya mtandao, na hati yake ya mshahara huipata huko huko. Baraza la Mitihani, KNEC, hupokea usajili wa watahiniwa na alama za tathmini za shuleni kwa njia hiyo hiyo.

Alama hizo si jambo la mzaha. Mwaka 2025, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipofikia kikomo cha Gredi ya 9, mtihani wenyewe ulichangia asilimia 60 ya matokeo ya kuwaingiza Gredi ya 10. Asilimia 20 ilitokana na tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 iliyosalia ikatokana na tathmini zilizosimamiwa na walimu wao shuleni. Yaani sehemu moja katika tano ya matokeo hayo ilipitia mikononi mwa mwalimu, na si ajabu kwamba kwa wengi ilipitia katika tarakilishi ambayo mwalimu huyo aliinunua kwa fedha zake mwenyewe. Ni haki basi kuuliza: tarakilishi hiyo inalindwa na nani?

Tumwazie mwalimu mmoja wa wadi ya Zombe/Mwitika, katika eneo bunge la Kitui Mashariki. Nyumbani hana printa. Akishauandika mtihani wa majaribio, huuweka katika flashi na kwenda nayo katika duka la saiba lililoko sokoni. Tarakilishi ya saiba imekwisha kuchomekwa flashi za watu wengi tangu asubuhi: ya kijana anayetuma maombi ya kazi, ya katibu wa chama cha akina mama, ya mpiga picha za harusi. Flashi ya mwalimu inarudi nyumbani na kitu ambacho hakukiagiza. Kesho yake inachomekwa katika tarakilishi ya naibu wa mwalimu mkuu. Alasiri inaazimwa na mwalimu mwenzake anayetaka nakala ya maazimio ya kazi. Jioni mwanawe anaichukua ili apewe filamu na rafikiye. Katika muda wa siku mbili, virusi vimeingia katika tarakilishi nne, na hapana hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa na nia mbaya.

Dalili zake walimu wengi wamewahi kuziona. Mtu hufungua flashi akakuta kila kabrasha limegeuka kuwa njia mkato yenye kishale kidogo pembeni. Akiibofya, kabrasha hufunguka kama kawaida, naye hudhani hapana neno. Kumbe faili zake halisi zimefichwa, na ile njia mkato, kabla ya kumfungulia, imekwisha kuiamuru programu nyingine ijipandikize katika tarakilishi. Kosa la wengi hapo ni kuifuta flashi yote kwa hofu, wakapoteza kazi ya muhula mzima ambayo haikuwa imepotea, ilikuwa imefichwa tu.

Hila hii ya kusafiri mkono kwa mkono si ngeni. Mwaka 1982, mwanafunzi wa Marekani aitwaye Rich Skrenta, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alitunga programu iliyojinakili kutoka diski moja hadi nyingine katika tarakilishi za Apple II. Aliifanya kwa utani, wala haikukusudiwa kuharibu kazi ya mtu. Hata hivyo ilisambaa kwa sababu vijana walikuwa wakiazimana diski za michezo, kama vile wa leo wanavyoazimana flashi za filamu.

Tukio la pili halikuwa utani, na mhusika wake aliijua Kenya. Desemba 1989, diski zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwamo waliokuwa wamehudhuria kongamano la kimataifa kuhusu ukimwi. Diski hizo zilidai kubeba maelezo kuhusu ugonjwa huo, na kweli zilikuwa nayo. Lakini programu iliyofichwa ndani yake ilihesabu kila mara tarakilishi ilipowashwa, na hesabu ilipofika 90 ikayavuruga majina ya faili na kudai dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti kuhusu nyani nchini Kenya. Alikamatwa mwaka 1990 akapelekwa Uingereza, ambako mahakama iliona kwamba hali yake ya akili haimwezeshi kusimama kizimbani. Virusi vya kudai fidia, ambavyo leo vinasumbua mabenki na hospitali za dunia nzima, vilianzia hapo.

Somo la visa hivi viwili ni moja. Maangamizi hayakuja kwa kuvunja mlango. Yalikuja yamevaa nguo za zawadi, na mwenye mashine akayafungulia kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo, wanaodhani kwamba dawa ya virusi ni kununua programu ya bei ghali hawajaona kiini cha jambo. Kiini chake ni mazoea yetu ya kuaminiana, ambayo katika maisha ya kijiji ni jambo jema, lakini yanahitaji ua.

Virusi vinavyoharibu faili angalau hujitangaza. Programu za ujasusi ni mwizi wa namna nyingine, maana hutaka mwenye nyumba aendelee kulala. Nyingine hunakili kila herufi anayoibonyeza kwenye kibodi, zikapeleka kwa bwana wao nywila ya baruapepe, ya akaunti ya benki, na ya kule anakojazia alama za wanafunzi. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi Septemba 2025, ilitangazwa kwamba watafiti wa Citizen Lab, kituo cha Chuo Kikuu cha Toronto, walikuwa wamegundua programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY katika simu za watengenezaji filamu wa Kenya, simu ambazo hapo awali zilikuwa zimechukuliwa na polisi. Sisemi kwamba kuna anayempeleleza mwalimu wa Zombe kwa namna hiyo. Ninalotaka msomaji alizingatie ni kwamba kifaa kilichokaa mikononi mwa mwingine, awe askari, fundi au mhudumu wa saiba, hakirudi lazima kama kilivyokwenda.

Wanafunzi nao wasijidhani wamo salama. Mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha 4 anapokwenda saiba kuomba nafasi ya chuo au mkopo wa masomo, mara nyingi humwachia mhudumu nywila zake zote, naye huziandika katika daftari lililowekwa juu ya meza. Mhudumu huyo huenda akawa mwaminifu kabisa. Lakini tarakilishi yake haijui uaminifu, na daftari lake husomwa na kila apitaye.

Wapo watakaonijibu kwamba Zombe ni mbali, na kwamba mhalifu wa mtandao hana haja na mwalimu anayelipia mkopo wa chama cha akiba. Jibu hili lingekuwa na maana kama virusi vingekuwa vinachagua. Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza, hospitali za umma ziliwarudisha wagonjwa. Virusi hivyo havikuuliza nani ni tajiri. Vilitafuta tu mashine yenye ufa fulani, na cha kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa huo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliopatwa ni wale ambao hawakukipachika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa ndipo ugumu wa hali ya mwalimu wa kijijini unapojitokeza. Tarakilishi nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu nchini ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya, na nyingi zilikuja na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha viraka vya kawaida vya programu hiyo, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja. Windows 11 nayo huzikataa rasmi tarakilishi nyingi za zamani. Hivyo mwalimu anaambiwa kwamba mashine ambayo bado haijamaliza kuilipia imekwisha kuzeeka. Zaidi ya hayo, viraka hupakuliwa kwa bando, na bando hununuliwa kwa pesa ambazo zingenunua unga. Anapozima masasisho ili asimalize bando, tusimwite mzembe. Ametenda linalotendwa na kila maskini, yaani kuahirisha gharama isiyoonekana ili alipe inayoonekana.

Hata hivyo, umaskini haumzuii mtu kuzungusha miiba, kwa kuwa miiba haiuzwi. Nitataja mambo machache ambayo gharama yake ni ndogo.

La kwanza ni nakala. Kazi yoyote ambayo ukiipoteza utalia, iwe katika mahali pawili zaidi ya tarakilishi yako, na angalau pamoja pasiwe pameunganishwa na tarakilishi hiyo baada ya kunakili. Virusi vya kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa. Diski iliyolala kabatini havina njia ya kuifikia.

La pili ni flashi. Mwalimu awe na flashi mbili: ya kwenda saiba na ya nyumbani, na hizo mbili zisikutane. Ile ya saiba isibebe chochote isipokuwa kile kinachochapishwa siku hiyo, na irudipo ikaguliwe na programu ya kukinga virusi kabla ya kufunguliwa. Windows 10 na 11 huja na programu hiyo, Defender, bila malipo. Mtihani hasa usiachwe katika tarakilishi ya saiba. Ni heri uchapishwe shuleni, hata kama foleni ni ndefu.

La tatu ni kuangalia jina kamili la faili. Tarakilishi nyingi zimepangwa kuficha herufi za mwisho za jina, na hapo ndipo hila inapojificha: faili ionekanayo kuwa muhtasari wa somo huishia na herufi za exe, maana yake ni programu. Ipange tarakilishi yako ionyeshe herufi hizo, na uwafundishe wanafunzi kuzisoma. Hati haina sababu ya kuwa programu.

La nne ni programu zilizovunjwa kufuli. Yule kijana anayekuwekea programu ya kuandikia kwa shilingi mia mbili, akakuomba kwanza uzime kinga ya tarakilishi ili kazi yake ipite, amekwambia mwenyewe kwamba kinga hiyo imeona jambo. Kuna programu halali zisizolipiwa, kama LibreOffice ya kuandikia na kufanyia hesabu. Kwa tarakilishi iliyokataliwa na Windows 11, upo mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hutolewa bure, na virusi vingi vilivyotungwa kwa ajili ya Windows haviwezi kufanya kazi ndani yake. Jina lake ni ndugu wa neno letu utu, nalo si la kumtisha Mkamba wala Mswahili.

La tano ni nywila. Nywila ya baruapepe isifanane na nyingine yoyote, maana mwenye baruapepe yako anaweza kuzibadilisha zote. Pale ambapo huduma inaruhusu uthibitisho wa hatua mbili, uwekwe. Watoto wa nyumbani wapewe akaunti yao katika tarakilishi, isiyo na uwezo wa kupachika programu mpya. Tangazo litakalojitokeza kwenye skrini likipiga kelele kwamba mashine yako ina virusi na ubonyeze hapa upone, lifungwe bila kujibiwa. Mganga anayekuja nyumbani bila kuitwa akikutajia ugonjwa wako, mwogope.

Na kama maji yamekwisha kuchafuka? Kata intaneti, usichomeke flashi yoyote, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine kilicho safi, kisha uwaambie wenzako. Hili la mwisho ndilo gumu. Katika vyumba vya walimu wengi huona aibu kukiri kwamba tarakilishi zao zimeambukizwa, wakanyamaza, na ukimya wao ukawa daraja la virusi. Aibu hii haina msingi. Aliyeambukizwa ameambukizwa na mtu mwingine aliyenyamaza kabla yake.

Hata hivyo, haitoshi kumhubiria mwalimu na kumwachia mzigo wote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka kila anayeweka habari za watu kuzilinda, na habari hizo zikiingiliwa na asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data apashwe habari katika muda wa saa 72. Shule ni miongoni mwa wanaobanwa na sheria hiyo. Mwaka 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha zimeadhibiwa hivyo, itakuwaje siku ambapo orodha ya wanafunzi, pamoja na nambari zao za vyeti vya kuzaliwa na simu za wazazi, itatoroka kutoka tarakilishi ya mwalimu aliyeambiwa aijaze usiku nyumbani kwake kwa kuwa shule haina mashine ya kutosha?

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya tarakilishi nayo humtishia anayeingia katika mashine ya mwingine bila ruhusa kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wanafunzi wanaoona kuchungulia nywila ya mwalimu kuwa ujanja wa kusifiwa wanapaswa kuyajua hayo mapema. Lakini sheria humshika mwizi baada ya kuiba. Haizungushi miiba.

Miiba hiyo inapaswa kuzungushwa na wale walioamuru kisima kichimbwe. Wizara ya Elimu, TSC na KNEC zimehamishia kazi nyingi mtandaoni, na kuna faida kubwa katika hilo; hakuna anayetamani kurudi enzi za kusafiri hadi Nairobi kwa ajili ya karatasi moja. Lakini anayeagiza kazi ifanywe kwa tarakilishi hana budi kuuliza ni tarakilishi ya nani, na ina hali gani. Kila shule ingepata mashine moja isiyotumika kwa jambo jingine ila kukagulia flashi na kupelekea alama, pamoja na diski moja ya nakala inayofungiwa kabatini na mwalimu mkuu, hasara nyingi zingezuiwa. Kila mafunzo ya walimu ya wakati wa likizo yangetenga asubuhi moja kwa mambo haya, fundi mmoja wa kaunti angefundisha shule nyingi. Hayo si matumizi ya anasa. Mtaala wenyewe umeuhesabu umilisi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi 7 wa msingi, na ni vigumu kumfundisha mtoto kile ambacho mwalimu wake ameachiwa akibahatishe.

Mpaka hayo yatimizwe, wakuu wa shule wasingoje waraka. Muhula ujao, kabla ya alama za kwanza kuandikwa, kila chumba cha walimu kikubaliane juu ya mambo matatu: flashi gani haziingii katika tarakilishi ya ofisi, nakala itawekwa na nani kila Ijumaa, na mwenye kuona dalili ya virusi atamwambia nani. Jambo hilo linaweza kuamuliwa katika kikao cha nusu saa. Mtoto wa Zombe anayesoma kwa taa ya mkononi ili apate nafasi yake ya Gredi ya 10 hastahili kuipoteza kwa sababu ya flashi iliyoazimwa jioni moja kwa ajili ya filamu.